Ukuta wa pua uliopinda: waliofanyiwa upasuaji, tupeane uzoefu

Ndugu zangu wa Nairobi, ninawaomba waliofanyiwa upasuaji wa kunyoosha ukuta unaotenganisha matundu ya pua watueleze yaliyowapata. Naanza mimi. Tundu langu la kushoto liliziba tangu nilipopigwa kiwiko uwanjani, na kila baridi ya Julai ilipoingia nililala mdomo wazi na kuamka koo limekauka. Daktari wa masikio, pua na koo alinieleza kwamba ukuta huo ni gegedu (kitu kigumu kinachopindika, kama cha sikio) mbele na mfupa nyuma, kwamba watu wengi wana ukuta uliopinda kidogo wala hausumbui, na kwamba kinachoamua upasuaji ni jinsi mtu anavyopumua. Alinianzishia dawa ya kupuliza, kwa kuwa mzio nao huvimbisha pua. Uvimbe ulipungua, tundu likabaki limeziba. Ndipo nilipokubali kupasuliwa.

Mchangiaji wa Donholm: Wengi huhofia kubadilika sura. Mimi nilipewa nusukaputi, daktari akapitia ndani ya tundu, akanyoosha palipopinda na kuondoa pasiponyosheka, na kwa nje pua yangu ni ile ile. Mtihani ulikuwa baadaye: niliwekewa vibao laini vya silikoni, nikapumua kwa mdomo hadi vilipotolewa, nikakatazwa kupenga kamasi na kubeba mizigo, na chafya niliipiga mdomo ukiwa wazi. Magamba ya damu yalilainika kwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi niliyopewa.

Mchangiaji wa Eastleigh: Kwangu hewa inapita vizuri, lakini vumbi bado linanipigisha chafya, maana kisu hakiondoi mzio. Kabla ya kutia sahihi, mwulizeni daktari kuhusu kuvuja damu na uwezekano wa ukuta kutoboka. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa kwenye maduka ya dawa nayo yasitumiwe mfululizo kwa zaidi ya wiki moja, kwa sababu pua huanza kuziba kwa ajili ya matone yenyewe.

Mzazi wa Lang'ata: Mtoto akigongwa puani, kisha matundu yote mawili yakaziba na ndani kukaonekana uvimbe laini, tafadhali msingoje kupambazuke. Hiyo huenda ni damu iliyokusanyika ukutani; huikatia gegedu lishe, na isipotolewa mapema gegedu hufa na pua hudidimia. Wangu tulimkimbiza hospitali usiku ule ule, damu ikatolewa, na leo anapumua vyema kwa pande zote mbili.