Siku moja Bagamoyo mjini bila kukimbizana: tuanzie wapi?

MkaaHema:
Shikamoo wakubwa, wengine habari za leo. Tumepiga hema mbili pwani, upande wa Kaole: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi, ambaye goti linamsumbua. Siku ya tatu leo, watoto wameshiba bahari. Kesho nataka tuingie mjini tushinde huko. Mwaka juzi nilikuja na kundi kwa basi: dakika ishirini hapa, ishirini pale, "haya, pandeni gari". Nikarudi Dar na picha tu. Mama alisomeshwa habari za misafara tangu shule ya msingi, na Bagamoyo hajawahi kuiona. Sitaki naye apitishwe mbio. Tuanzie wapi?

BintiDunda:
Karibuni kwetu. Kaole mko jirani nayo, wekeni siku yake. Yale makaburi ya nguzo na msikiti wa karne ya 13 si vitu vya kupitia njiani. Kesho anzeni Misheni asubuhi, jua halijakaza. Kuna miembe, kuna kivuli, mama atakaa. Mwonyesheni mbuyu uliopandwa 1868, mwaka Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza pale. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo. Shina likaumeza, kimebaki kipande kinachochungulia.

Halafu mnara wa kanisa la zamani, mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Nakuomba, watajie watoto Chuma na Susi. Ndio walioongoza wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Ninapomsikia mtu akisimulia habari ile bila majina yao, huniuma.

MzeeWaPwani:
Marahaba mwanangu. Binti kasema vyema, naongeza moja: adhuhuri msitembee. Kuleni, mpumzike, mkitoka tena iwe jua limelala. Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo ni wa jioni, milango ya nakshi na mashua zikirudi forodhani. Na mkikaribishwa barazani, kaeni. Jina lenyewe wapo wanaosema ni la wapagazi waliotua pembe za ndovu wakabwaga moyo, wapo wanaosema ni la watumwa walioiacha mioyo yao hapa. Marehemu babu yangu alikuwa akizisimulia zote mbili, hakuitupa hata moja.

Kijana_wa_Magomeni:
Bajaji patana bei kabla hamjapanda. Hema msiziache bila mtu, na chakula kisibaki ndani.

MkaaHema:
Tumerudi usiku huu, asanteni sana. Mama alishika ule mnyororo, akanyamaza muda mrefu. Penye mnara nilipoanza kuwatajia watoto Chuma, yeye akamalizia: "na Susi". Kumbe alikuwa nayo miaka yote hiyo.

Mji Mkongwe hatukufika mbali. Mtaa wa kwanza tu, mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili alimkaribisha barazani, wakazungumza habari za magoti na mafuta ya nazi mpaka ikaadhiniwa alasiri. Milango ya nakshi tumeona mitatu. Mama ameuliza kama kesho kutwa tunaweza kurudi, amemwahidi mwenzake samaki.