MJADALA: Pesa za halmashauri ziende kambi ya hisabati na fizikia kabla ya chuo, au maabara za shule za kata?

Mwenye mada, Mtwara mjini

Wadau, salaam kwenu nyote. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka jambo hili huzungumzwa vibarazani, halafu linaishia hapo hapo. Vijana wetu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) kutoka Mtwara na Lindi wanafaulu, wanapata nafasi Dar, Dodoma, Mbeya, halafu mwaka wa kwanza wa Hisabati na Fizikia unawachapa. Sup (mtihani wa marudio), keri (somo la kurudia mwaka unaofuata), wengine wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kabisa.

Kuna wanaotaka halmashauri zitenge fungu kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya kambi ya wiki sita kabla vijana hawajaenda chuo. Wengine wanasema shilingi hiyo hiyo iende kwenye maabara za fizikia shule za kata. Atakayechangia aseme hasa ni kitu gani kinaharibika, na kambi au maabara inakitengenezaje. Kusema tu kwamba vijana wa siku hizi hawasomi hakutufikishi popote.

Mhadhiri wa hisabati, kwao Lindi

Nipo upande wa kambi, ila si kambi ya kuwahi mada za chuo.

Kijana wa PCM anajua kukokotoa. Mpe intigresheni ya kurasa mbili, ataimaliza. Kinachobadilika chuoni ni swali lenyewe. Sekondari swali linasema "tafuta". Chuoni linasema "thibitisha kwamba", na jibu umeshapewa. Hapo kijana anatoa kikokotoo, na kikokotoo hakina la kumwambia. Mantiki ameisoma kidato cha tano, majedwali ya kweli na si kweli anayajua, lakini aliyasoma kama mada ya kujibia mtihani. Hajawahi kuyatumia kujenga hoja.

Chukueni limiti, yaani thamani ambayo hesabu inaisogelea. Epsiloni na delta ni herufi za Kigiriki zinazosimamia umbali mdogo. Kusema limiti ya 3x + 1 ni 7 x inapokaribia 2 maana yake ni hii: kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, ipo delta iliyo kubwa kuliko sifuri, ambayo x ikiwa karibu na 2 kwa umbali usiofika delta (bila kuwa 2 yenyewe), basi 3x + 1 iko karibu na 7 kwa umbali usiofika epsiloni. Wengi wanaikariri sentensi hii kama wimbo. Mgeuzie mpangilio, useme "ipo delta kwa kila epsiloni", hataona kilichobadilika.

Kwa lugha yetu ataona mara moja. "Kila mkorosho una mwenyewe": hiyo ni Tandahimba yote. "Yupo mtu ambaye kila mkorosho ni wake": huyo ni mtu mmoja aliyemiliki wilaya nzima. Maneno ni yale yale, kilichohama ni "kila" na "yupo". Kijana akishalishika hili kwa Kiswahili, analibeba mpaka kwenye alama.

Baada ya hapo kazi ni fupi. Umbali wa 3x + 1 kutoka 7 ni mara tatu ya umbali wa x kutoka 2. Ukitaka usifike epsiloni, chagua delta iwe epsiloni gawanya kwa 3. Umemaliza.

Balaa linaanza kwenye x² inapokaribia 3. Umbali wa x² kutoka 9 ni |x − 3| mara |x + 3|. Kijana anaandika delta ni epsiloni gawanya kwa |x + 3|, anapata sifuri kwenye swali zima, na haelewi kwa nini. Sababu ni kwamba delta inaruhusiwa kutegemea epsiloni, hairuhusiwi kutegemea x, kwa kuwa inachaguliwa kabla x haijajulikana. Dawa yake: kwanza ifunge x isitoke 3 kwa zaidi ya 1. Hapo x + 3 haizidi 7. Kisha delta iwe ndogo kati ya mbili: 1, au epsiloni gawanya kwa 7.

Jambo hili linataka siku nne au tano za kukaa nalo, kuandika, kusahihishwa, kuandika tena. Chuoni linapewa vipindi viwili katika ukumbi wa watu mia kadhaa, na testi ya kwanza inakuja kabla halijatulia kichwani.

Mwalimu wa fizikia, Masasi

Mhadhiri, heshima yako. Ulichosema ni kweli kwa hisabati, lakini kwenye fizikia kambi inakuja wakati mfupa umeshaunga vibaya. Kijana aliyefika kidato cha nne bila kugusa kifaa anafika chuoni akiamini kipimo ni namba tu. Chuoni maabara inataka namba pamoja na mashaka yake: sentimita 90.0, zaidi au pungufu ya 0.1.

Nitoe mfano wa jaribio rahisi kuliko yote, la pendulamu. Uzi, nati ya pikipiki, rula ya mita, saa ya simu. Unafunga, unavuta pembeni kidogo, unaachia, unahesabu mizunguko 20 (mmoja ni kwenda na kurudi), unatafuta g, yaani mchapuko ambao mvutano wa dunia unakipa kitu kinachoanguka.

Kosa la kwanza linafanyika karibu kila darasa: mwanafunzi anaachia nati huku akisema "moja". Akifika "ishirini", nati imezunguka mara 19. Kwa uzi wa sentimita 90, mizunguko 20 ya kweli inachukua sekunde 38 na kidogo; yeye anasoma 36 na kidogo. Anapiga hesabu, g inatoka 10.9 badala ya 9.8. Halafu anafanya lililo baya zaidi: anarudi nyuma anabadilisha namba ili itoke 9.8. Tiba ya kosa la kwanza ni kuanza na "sifuri". La pili halina tiba ya haraka, ni mazoea yaliyoota miaka minne ya kunakili majibu ya jaribio ambalo hakuna aliyelifanya.

Kwa nini mizunguko 20, kwa nini usipime mmoja? Kidole kinachelewa kama sekunde 0.2. Kwenye mzunguko mmoja wa sekunde 1.9 hiyo ni zaidi ya asilimia 10. Kwenye mizunguko 20 inabaki nusu ya asilimia. Na pembe isizidi nyuzi 10 hivi. Ukiivuta mpaka nyuzi 30, muda unaongezeka kwa asilimia 1.7 na g inashuka kwa zaidi ya asilimia 3, bila wewe kukosea kuhesabu.

Mwingine anapima uzi mpaka kwenye fundo, anasahau kwamba urefu unahesabiwa mpaka katikati ya nati. Akitumia urefu mmoja tu, jibu linaharibika. Akipima urefu sita tofauti na kuchora muda kipeo cha pili dhidi ya urefu, mteremko wa mstari unabaki salama na g inatoka sawa. Ila mstari haupiti kwenye sifuri. Hiyo sentimita iliyosahaulika inaonekana kwa macho kwenye grafu! Kijana aliyeiona akiwa na miaka 15 hawezi kuchezea data akiwa na 20. Hili ndilo nalolilia. Wiki sita za mwisho haziwezi kumpa miaka minne.

Mzazi, Nachingwea

Walimu wangu, nimewasoma wote na nashukuru. Mie nauliza jambo dogo. Kwani lazima wasome hiyo Hisabati na Fizikia tupu? Si waende uhandisi, au ualimu wa sayansi, ambako ajira inaeleweka? Tutoe pesa ya korosho kwa kozi ambayo mtoto akimaliza tunaulizana afanye nini?

Fundi mkuu wa pampu, Newala

Mzazi, swali lako ni la haki. Ila uhandisi hauikimbii hisabati hiyo. Mwaka wa kwanza wa uhandisi nao una kalkulasi na fizikia, kwa hiyo anayeangukia huku anaangukia na kule. Hoja ya kambi inawahusu wote.

Tena tazama kinachotuzunguka. Maji ya huku juu uwandani yanasukumwa kutoka bondeni. Tuseme unapandisha mita 300. Kila mita 10 za kupanda ni karibu bar 1 ya mgandamizo, kwa hiyo pale chini bomba linabeba karibu bar 30 kabla hujaongeza msuguano. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000, inahitaji jouli milioni 2.9 kufika juu, kama uniti 0.8 za umeme. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 inakula uniti 1.4. Gesi nayo: Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, Songo Songo mwaka 1974, na bomba linalotoka Madimba kwenda Dar lina kipenyo cha inchi 36. Mgandamizo, joto na mtiririko wa gesi ndani ya bomba vyote ni fizikia ya mwaka wa pili.

Kuna neno naomba walimu wa upande wowote walichukue. Kijana wetu anasema "nguvu" kwa vitu vitatu: kani inayosukuma, nishati inayotumika, na kasi ya kuitumia. Pampu yenye "nguvu kubwa" ni ipi, inayofikisha maji juu, au inayofikisha mengi kwa saa? Ni pampu mbili tofauti. Asipozitenganisha kwa Kiswahili, Kiingereza cha chuo kitamchanganya mara mbili.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Hisabati na Fizikia, kwao Tandahimba

Shikamooni. Naona ratiba haijaguswa. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Baada yake vijana wanaitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu. Humo humo katikati matokeo yanatoka, maombi ya chuo yanafunguliwa, na fomu za mkopo zina vielelezo vya kufuatilia: cheti cha kuzaliwa, mdhamini, mihuri. Vyuo vinafungua Oktoba au Novemba. Wiki sita zitatoka wapi? Zilizo wazi kweli ni nne, kati ya kurudi JKT na kusafiri.

Na kambi ikiwa ya kukaa mnasikiliza, ni hasara. Linaloua mwaka wa kwanza ni kusoma suluhisho la mwenzio, kukubali kichwani, na kuamini umeelewa. Kila jioni wapewe maswali matano ya kuthibitisha, waandike kwa sentensi kamili, asubuhi yasahihishwe kwa kalamu nyekundu mbele ya mwenyewe. Asahihishwe hata neno "kwa hiyo" lililowekwa pasipo sababu. Msahihishaji mmoja kwa vijana kumi, wakizidi hapo hasahihishi tena, anaweka vema tu.

Afisa mipango mstaafu, Lindi

Naleta hesabu, kwa makadirio ya mkononi. Vijana 40, siku 30, chakula na malazi Sh 7,000 kwa siku: Sh 8,400,000. Wasahihishaji wanne, Sh 50,000 kwa siku: Sh 6,000,000. Jumla Sh 14,400,000. Mtwara ina halmashauri tisa, Lindi sita. Zikigawana sawa, kila moja ni Sh 960,000. Hakuna halmashauri itakayoshindwa kujenga maabara kwa sababu ya hiyo, kwa hiyo nadhani mnagombania vitu visivyogombana.

Tatizo liko kwenye kalenda. Mapato ya huku yanakuja na korosho, na minada inaanza Oktoba. Kambi ni Septemba, mfuko ukiwa mkavu. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, haiguswi. Pesa ya kambi iwekwe kwenye bajeti inayopitishwa na madiwani miezi ya mwanzo ya mwaka, na itengwe makusanyo ya msimu yakiwa bado benki. Ikiachwa "tutaona Septemba", haitaonekana.

Mhadhiri wa hisabati, kwao Lindi

Nakubali wiki nne. Na kijana wa Tandahimba amenisahihisha kwa haki: msahihishaji mmoja kwa kumi, kwa hiyo kwa wasahihishaji wanne wawe 40, wasizidi. Kwa mpangilio huo ningeweka wiki ya kwanza "kila" na "yupo" na kukanusha sentensi, ya pili uthibitisho wa kinyume na wa hatua kwa hatua, ya tatu limiti peke yake, ya nne vekta na maana ya kutotegemeana (hakuna vekta inayoweza kuundwa kutokana na zile nyingine). Fizikia iwe mchana.

Mwalimu wa fizikia, Masasi

Mzee wangu wa mipango, hesabu yako ni safi, lakini umehesabu kambi, hukuhesabu maabara. Nati na uzi si gharama. Anayekosekana ni fundi sanifu wa maabara, mtu wa kuandaa vifaa kabla ya kipindi na kuvikusanya baadaye. Mwalimu mmoja mwenye vipindi 28 kwa wiki hawezi kufanya yote mawili, ndiyo maana kabati linabaki limefungwa na vifaa vimo ndani. Huyo ni mshahara wa kila mwezi, miaka yote. Halmashauri inaweza kumlipa kwa mkataba kutoka mapato ya ndani, au ni lazima asubiriwe kutoka Utumishi, ajira za serikali kuu? Nijibu hilo kwanza. Likiwezekana, hata mie nitakuja kusahihisha kambini mchana.