Mbuzi wanazunguka na kuanguka, mchungaji ana homa na vidonda vyeusi: kupe ni yule yule?

Mfugaji_Lambwe

Hamjambo wadau. Boma liko bonde la Lambwe, upande unaopakana na Mbuga ya Ruma. Kuna mbuzi wa kienyeji 14, ng'ombe 5, punda mmoja, na mbuzi chotara 9 wa Toggenburg (aina ya mbuzi wa maziwa) walioletwa kutoka Nakuru wiki 3 zilizopita. Huko walilelewa bandani, hawakuwahi kuchungwa. Wawili kati ya hao wageni wamekufa. Joto lilifika 41.3, wakaacha kula, wakapumua kwa shida, kisha wakaanza kunyanyua miguu juu kama wanaovuka mto, kuzunguka, kuanguka na kupiga mateke. Kutoka homa hadi kifo siku 3. Wa kienyeji wote wazima.

Kupe ni wale wakubwa wenye mgongo wa rangi rangi, wamejaa kifuani na kwenye viwele vya ng'ombe. Wadogo wao wako katikati ya kwato za mbuzi.

Mchungaji naye ana homa siku ya 4, kichwa na shingo vinamuuma, ana vidonda viwili vyenye kigaga cheusi, kimoja nyuma ya goti na kingine kwenye kinena, na tezi za kinena zimevimba. Kipimo cha malaria kimesema hana. Dukani wametuuzia buparvakwoni ya mbuzi wakisema ni ndigana kali. Jirani anashauri mchungaji adungwe tetra (oksitetrasaiklini) ya mifugo. Je, ni ugonjwa mmoja? Dawa ipi, kiasi gani? Na nyati wa mbuga wanaingia wapi hapa?

Vet_Sondu

Rudisha hiyo buparvakwoni kama chupa haijafunguliwa. Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi haugui. Tena mdudu wake si bakteria, na kupe wake ni mwingine, yule wa kahawia anayekaa masikioni.

Unachoeleza ni maji moyo. Bakteria wake, Ehrlichia ruminantium, huishi ndani ya seli zinazotandika mishipa ya damu. Mishipa ikianza kuvuja, maji hujaa kwenye mfuko wa moyo, kifuani na kwenye mapafu, na ubongo huvimba. Ndiyo maana mnyama hupumua kwa shida kwanza, kisha huzunguka. Mbebaji ni huyo huyo kupe wa rangi, Amblyomma variegatum. Kwa kawaida homa huanza wiki 2 hadi 4 baada ya kuumwa, na hesabu ya wageni wako inaangukia hapo hapo.

Usisubiri mnyama azunguke. Akifika hapo dawa huokoa wachache mno. Pima joto la wote 7 waliobaki asubuhi na jioni kwa wiki 3 zijazo. Pima kabla jua halijawa kali, kwa sababu mbuzi aliyesimama juani hupanda joto bila ugonjwa. Anayevuka 40.5 asubuhi adungwe siku hiyo hiyo, hata kama bado anakula. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile ya kukaa mwilini, ni mililita 1 kwa kila kilo 10, ndani ya msuli: mbuzi wa kilo 35 anapata mililita 3.5. Usizidishe mililita 5 mahali pamoja, msuli utaharibika. Homa isiposhuka, rudia baada ya saa 48 hadi 72. Uzito upimwe kwa mizani au utepe. Makadirio ya macho huwa chini, na dozi ndogo hushusha homa siku moja tu kisha mnyama anaanguka. Asilimia 10 ya kawaida haikai mwilini, hudungwa kila siku kwa siku 3 hadi 5. Watu wengi huchanganya hizi chupa mbili, wakatoa ile dhaifu mara moja na kulaumu dawa.

Mgonjwa akae kivulini, asikimbizwe, na asinyweshwe kitu kwa nguvu. Anayetetemeka hamezi vizuri, maji yataingia mapafuni.

Wageni ambao bado hawana homa wanaweza kukingwa. Daktari wa mifugo wa wadi anaweza kuwapa tetra hiyo hiyo ya kukaa mwilini siku ya 7, 14 na 21 tangu wafike, huku wakiendelea kuumwa na kupe wachache, ili miili ijifunze kujikinga. Kwenu siku ya 21 ndiyo hii, kwa hiyo mpigieni leo. Maziwa ya siku za dawa yamwagwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Kuhusu nyati: ndiyo, hubeba bakteria huyo bila kuugua, na baadhi ya swala wamo. Lakini usiwatwike nyati mzigo wote. Kupe jike hawarithishi watoto wake maji moyo kupitia mayai, au ni mara chache sana. Kila kizazi lazima kinyonye mnyama mwenye bakteria ndipo kiambukize hatua inayofuata. Mbuzi wako wa kienyeji waliopona utotoni, na ng'ombe wako, wanatosha kabisa kuendeleza mzunguko hata Ruma ingekuwa haina nyati hata mmoja. Kupe wachanga nao hupanda sungura, kanga na ndege wengine, na hao hawajui uzio.

Klinikal_Nyando

Mchungaji asidungwe dawa ya ng'ombe. Dozi na vimumunyisho vyake havikupimwa kwa binadamu, na sindano hiyo kwenye paja la mtu huacha jipu baya. Yeye anahitaji vidonge, na aende kituo cha afya leo.

Huu si ugonjwa wa mbuzi wako. Kupe ni yule yule, bakteria ni mwingine: dalili zinaelekea homa ya kupe ya Kiafrika, Rickettsia africae. Homa, shingo kukaza, tezi za upande ulioumwa, na hasa vigaga vyeusi viwili. Kigaga kimoja kinaweza kuwa pia Rickettsia conorii, ambaye huku huletwa zaidi na kupe wa mbwa. Vikiwa viwili au vitatu, nawaza kupe wa rangi kwanza, maana hushambulia wakiwa kundi. Huyu bakteria hupita kwenye mayai ya kupe, tofauti na maji moyo. Kwa hiyo hata kupe aliyeanguliwa karibuni, mdogo kama punje ya chumvi, anaweza kumwambukiza mtu.

Tiba ya kawaida ya mtu mzima ni doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 5 hadi 7. Ameze akiwa ameketi, kwa glasi nzima ya maji na chakula kidogo, asilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama kooni huchoma. Maziwa yasiwe karibu na saa ya dawa, hupunguza kinachoingia mwilini. Homa ikikosa kushuka ndani ya siku 2 au 3, arudi, tutafute kitu kingine. Mama mjamzito na mtoto mdogo waamuliwe na mhudumu, wasipewe vidonge vya mtu mwingine.

Amoksilini haifanyi kazi hapa, wala sindano za aina ya penisilini. Rikesia wanaishi ndani ya seli, dawa hizo haziwadhuru. Wagonjwa wengi wa Nyanza hupita njia ndefu: kipimo cha malaria, dawa ya malaria, kisha amoksilini, kisha "taifodi". Hata kipimo cha malaria kinachoonyesha anayo hakimalizi habari, kwa sababu vile vya kidole vinaweza kuendelea kuonyesha hivyo wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Kwa hiyo mhudumu aonyeshwe ngozi. Mchungaji avue nguo, aangaliwe nyuma ya magoti, kinena, kwapa, mstari wa mkanda na nywele. Kigaga hakiumi, mwenyewe mara nyingi hajui anacho.

Kitu kimoja ambacho hakijaulizwa: kama kuna mbuzi waliotupa mimba hapo, mwambieni mhudumu. Homa ya Q na brusela humfikia mchungaji kwa maji ya uzazi na maziwa mabichi zaidi ya kwa kupe, na tiba ya brusela ni wiki 6 za dawa mbili, si wiki moja ya doksisaiklini.

Mfugaji_Lambwe

Asanteni sana. Mchungaji ameshaanza doksisaiklini kituoni. Hakuna mimba iliyotoka. Tunaogesha mifugo kwa pampu ya mgongoni kila Jumamosi, dawa ya kupe ya amitrazi, kifuniko kimoja kwa pampu. Mbona kupe hawaishi?

Dipu_na_Pampu

Kifuniko si kipimo. Amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 40 kwa pampu ya lita 20. Pima kwa sindano au kikombe chenye alama. Kama kifuniko chenu ni mililita 15, mmekuwa mkitumia chini ya nusu. Kwa dozi hiyo kupe dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki kuzaana. Kupe wa kijivu wa ng'ombe ndiye hujenga usugu mapema, kwa kuwa maisha yake yote ya kunyonya, kama wiki 3, yako juu ya mnyama mmoja.

Makosa mengine ya pampu: ng'ombe mzima anapewa lita moja na nusu. Asipopata angalau lita 5, hajaoga. Mfunge kwenye krashi (kizuizi cha kumbana ng'ombe) na unyunyize kutoka chini kwenda juu ukirudisha manyoya kinyume: kifua, kwapa, kiwele na katikati ya mapaja, chini ya mkia, ndani ya masikio. Kupe wa rangi yuko chini, na watu wengi humwagia mgongo, mahali asipokaa. Kwa mbuzi kila mguu ushikwe, kwato zitenganishwe, dawa iingie. Usiogeshe mvua ikinukia, na dawa iliyochanganywa leo usiihifadhi kwa Jumamosi ijayo.

Kupe mzima wa rangi anahitaji kunyonya siku 2 hadi 3 kabla hajapitisha maji moyo, wale wachanga karibu siku moja na nusu. Ina maana kuna kazi ya mikono kati ya Jumamosi na Jumamosi: Jumanne au Jumatano wakaguliwe na wang'olewe. Tumia kibano, shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na kijiti cha moto havifai, na usimpasue kupe kwa kucha. Mdomo wa huyu ni mrefu, ukikatikia ndani kiwele hufanya jipu na chuchu inaweza kuziba kabisa.

Halafu PUNDA. Amitrazi isimguse, utumbo wake husimama na kinyesi hukwama hadi afe. Pampu ya amitrazi usiitumie kwake hata ikiwa imesuuzwa, muulize daktari dawa ya aina nyingine.

Mfugaji_Lambwe

Mbuzi mwingine amekufa usiku huu, chotara. Daktari wa wadi anakuja saa 4. Nimfungue nitoe ubongo?

Vet_Sondu

Usifungue kichwa. Mnyama aliyekufa akionyesha dalili za ubongo huhesabiwa kichaa cha mbwa hadi ithibitishwe vingine, na mate na ubongo wake vinaambukiza. Aliyemshika mdomo au kulambwa kwenye jeraha aandike jina, daktari aamue kuhusu chanjo. Mfunike kivulini, mbwa wasimfikie, na nyama isiliwe.

Daktari akifika, akiwa na glavu na kinga ya macho, atachukua kipande cha ubongo kikubwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, akiponde kati ya vioo viwili, akaushe na kukikaza kwa methanoli. Ukipakwa rangi ya Giemsa, vishada vya Ehrlichia huonekana ndani ya seli za mishipa midogo. Kioo kiende maabara ya mifugo Kericho, na ubongo uliobaki, ukiwa kwenye barafu, uchunguzwe kichaa cha mbwa. Mzoga ukikaa juani hadi mchana ubongo huoza na kioo hakisomeki, kwa hiyo mwombe aje kabla ya saa 4 akiweza. Kifuani aangalie maji ya rangi ya majani makavu kwenye mfuko wa moyo. Akikuta badala yake uvimbe wa maji kwenye ubongo, huo ni mnyoo wa tegu kutoka kwa mbwa, ingawa huo huzungusha mnyama kwa wiki nyingi bila homa.

Na hao ng'ombe 5: mwenye homa, ufizi wa manjano na kinyesi kikavu, mkojo ukiwa haujawa mwekundu, huenda ni ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, na hiyo pia huitika kwa tetra. Ila Lambwe kuna mbung'o. Nagana, ugonjwa wanaoueneza, nayo hupausha ufizi na tetra haiigusi, kwa hiyo muulize daktari achukue damu ya sikio kwenye kioo kabla ya kudunga chochote. Kila ng'ombe na sindano yake mpya, ndigana baridi husafiri kwenye sindano vizuri kama kwenye kupe.