Naomba ushauri: mwanangu anacheza lainibeka, nahofia kichwa chake

Wakuu, habari za jioni. Tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 16, anacheza futiboli ya Kimarekani nafasi ya lainibeka, yaani kazi yake ni kumvaa mwenye mpira kwa nguvu zote. Anaipenda mno.

Ijumaa iliyopita aligongana na mwenzake kichwa kwa kichwa. Usiku alikaa mezani anaitazama sahani ya ugali, akaniuliza mara 3, "Mama, leo tumecheza na nani?" Nilitoka nje nikalia.

Nimesoma habari za Junior Seau, naye alikuwa lainibeka. Misimu 20 kwenye NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, kipenzi cha San Diego, kisha mwaka 2012 akajiua akiwa na miaka 43. Ubongo wake ulipopimwa ukakutwa na CTE, maradhi yanayohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Luke Kuechly, lainibeka wa timu ya Carolina Panthers, yeye aliacha kucheza mwaka 2020, ana miaka 28 tu. Huyo ndiye ninayemwonyesha mwanangu, hataki kusikia.

Daktari amempumzisha. Baba yake anasema akipona arudi, mpira utamlipia chuo. Mliolea vijana huku, mlifanyaje? Nimkataze kabisa, au nimwombe kocha ambadilishie nafasi?