Chumba cha Bibi: gumzo la kikundi cha familia

Mjomba Rajabu: Wanangu hamjambo? Mafundi wanataka kuanza paa upande wa chumba cha marehemu mama. Neema, ufunguo unao wewe. Umefikia wapi?

Neema: Shikamoo Mjomba. Ufunguo ninao. Huku kazini tunafunga hesabu za mwaka, natoka usiku, siku nyingine hata jua silioni. Lakini chumba nimeshakianza, nimeanzia kwenye makaratasi.

Mjomba Rajabu: Marahaba mwanangu. Makaratasi yatatuchelewesha. Tuite gari, vyote vitoke siku moja, tuje kuvichambua baadaye.

Mama Mdogo Asha: Kaka, hapana. Vitu vya mama visipakiwe kama kifusi.

Zawadi: Mimi naomba kisitoke hata kimoja jamani. Nikiingia mle bado nasikia harufu ya mafuta yake ya nywele 😭

Neema: Zawadi mdogo wangu, nakuelewa sana. Ila sanduku la chini ya kitanda limeshashika unyevu. Tukiacha kila kitu kwa sababu tunampenda, ukungu ndio utakaotuchagulia.

Neema: Mjomba, makaratasi nimeyatanguliza kwa sababu mirathi haijafungwa. Hati ya nyumba, cheti cha kifo, vitabu vya benki, barua za pensheni, bima, yote yako kwenye bahasha moja na nimeyapiga picha kabla hayajahama. Karatasi yenye muhuri au saini isitupwe mpaka mirathi iishe, hata kama inaonekana kuukuu. Ile siku ya gari, hizi ndizo zingekuwa za kwanza kupotea.

Mjomba Rajabu: Hapo umesema.

Kaka Juma: Na dawa zake? Nilimwona na mfuko mzima.

Neema: Ziko droo ya juu. Zingine zimeisha muda.

Kaka Juma: Zisimwagwe chooni wala kwenye sinki, zinaishia kwenye maji. Nitazipeleka famasi niulize kama wanapokea. Na tafadhali asipewe mtu yeyote eti naye ana presha. Ile dozi alipimiwa Bibi.

Mama Mdogo Asha: Juma baba, mimi kuna kitu kimoja tu ninachokitaka. Lile shali jeupe alilofuma mwenyewe, liko kabatini. Nataka nimfunike mjukuu wangu akizaliwa.

Kaka Juma: Mama Mdogo, kabati lile Bibi alilijaza vidonge vyeupe vya kufukuza nondo?

Mama Mdogo Asha: Kila kona. Ukifungua mlango unapiga chafya.

Kaka Juma: Basi mtoto asifunikwe nalo hivyo hivyo. Ile ni naftalini. Mvuke wake unaingia kwenye nguo na unakaa. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na kwao naftalini inavunja chembe nyekundu za damu. Mtoto anapata manjano na kuishiwa damu. Huku kwetu wodini hili hatulichukulii kwa wepesi kabisa.

Mama Mdogo Asha: Yarabi! Sasa nilitupe?

Kaka Juma: La hasha. Litoe nje lipigwe upepo siku kadhaa, ulifue, ulianike tena. Likibaki na harufu hata kidogo, lisimguse mtoto mchanga. Ulitandike mgongoni mwa kiti chako, mtoto atalikuta akikua.

Mama Mdogo Asha: Sawa baba. Nimeshukuru kuuliza.

Neema: Naomba niwaonyeshe kitu. Nilikikuta jana ndani ya mkoba wa miwani yake.

Neema: [picha]

Neema: Ni kile kidaftari alichokuwa anaandikia vipimo vya presha. Someni pembeni.

Zawadi: "Asubuhi 138/84. Neema kapiga." "Jioni 142/86. Rajabu kapiga, ana mafua." Jamani Bibi 😭😭

Neema: Kurasa zote ziko hivyo. Daktari alimwambia aandike namba, yeye akaandika na sisi. Siku ambayo hakupiga mtu ameandika namba peke yake. Zawadi, ulipofaulu mtihani aliandika jina lako, akalipigia mstari chini. Kipimo cha siku ile alisahau kukiandika.

Mjomba Rajabu: Mafua yale nayakumbuka. Alinipigia asubuhi yake kuuliza kama nimelala vizuri.

Neema: Ndiyo maana nasema gari lisubiri, Mjomba. Lile daftari limechakaa, lina doa la chai. Mtu aliyechoka, mwenye haraka, angelitupa bila kulifungua. Na mimi mwenyewe nimejiwekea sharti: naingia mle kabla sijachoka, droo moja, natoka. Usiku wa manane siamui chochote. Mtu aliyechoka ama anatupa vyote ama anabeba vyote.

Mama Mdogo Asha: Neema mwanangu. Bibi ulimuuguza wewe, usiku na mchana, tuliona wote. Sasa chumba nacho usikibebe peke yako. Ufunguo utoe nakala. Nguo niachie mimi.

Neema: Ahsante Mama Mdogo. Nakubali, tena kwa moyo mmoja. Nguo zako basi. Zinazobaki zifuliwe na zikauke kabisa kabla ya kukunjwa, na zisifungwe kwenye mifuko ya plastiki, inafungia unyevu ndani.

Kaka Juma: Dawa, kitanda na kigongo cha kutembelea ni vyangu. Kigongo kiko imara, kuna mtu atakitumia kesho.

Zawadi: Mimi nipeni picha. Nitaziskani zote.

Neema: Hewala. Skana iweke kwenye doti 600 kwa inchi, zile ndogo zinahitaji. Lakini ile albamu ya kurasa za gundi usibandue kwa kucha! Kwanza piga picha ukurasa mzima kama ulivyo. Halafu pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kama unakata. Ikigoma iache hapo hapo. Nyuma andika kwa penseli laini, pembeni, usikandamize. Wino wa kalamu unapenya hadi mbele.

Zawadi: Niandike nini da Neema? Nusu ya watu wale siwajui.

Neema: Hapo ndipo ninapomhitaji Mjomba. Kabati linaweza kusubiri nikimaliza hesabu. Majina ya watu wale anayeyajua sasa ni yeye na Mama Mdogo tu, na Mama Mdogo wengi hakuwakuta.

Mama Mdogo Asha: Kweli kabisa. Wengine walishatangulia kabla sijapata akili.

Mjomba Rajabu: Nitumieni. Leo sina safari.

Neema: Na kuna kaseti, Mjomba. Iko kwenye bahasha, juu kaandika "Ya Rajabu, chuoni". Naona haikutumwa.

Mjomba Rajabu: Mama alikuwa ananirekodia barua. Mkono ulikuwa unamuuma, kuandika kulimchosha. Nilipata mbili. Hii siijui.

Mjomba Rajabu: Isikilizeni basi!

Kaka Juma: Subiri Mjomba. Kaseti ya miaka yote hiyo ikiingizwa kwenye redio mbovu inamezwa. Neema, mgongoni mwake kuna vipembe viwili vidogo vya plastiki. Vivunje, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Halafu itafutiwe mashine nzima, isafishwe kichwa, iungwe na kompyuta, na mara ya kwanza tu inapochezwa iwe inarekodiwa.

Neema: Nimevivunja sasa hivi. Utepe hauna ukungu, nimeuangalia kwenye mwanga.

Mjomba Rajabu: Nitakuja mwenyewe kuichukua. Isitumwe kwa mtu.

Zawadi: [picha]

Zawadi: Mjomba hii ya kwanza. Bibi kasimama kushoto, kacheka mpaka macho yamefumba. Huyu mwenye baiskeli ni nani?

Mjomba Rajabu: Ahaa! Huyo kuandika hakutoshi. Subiri nirekodi.

Mjomba Rajabu: [ujumbe wa sauti]

Kaka Juma: Mjomba, mafundi wananipigia, wanauliza waje lini.

Mjomba Rajabu: Waambie waanzie upande wa jikoni. Zawadi, leta nyingine.