Tabo kwenye Land Cruiser kuukuu la kubeba abiria: iwe hiari ya mwenye gari, au likaguliwe kwanza?

Mleta mada (dereva wa watalii, Arusha)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Ninaandika pistoni ikiwa mezani mbele yangu. Imetoka silinda ya sita, ile ya mwisho karibu na kabini. Ukingo wake umeyeyuka na kuchuruzika upande mmoja kama mshumaa uliokaa upeponi, na ringi ya juu imeng'ang'ania humo humo, haizunguki. Niliiomba kwa fundi siku injini ilipofunguliwa, akanipa bila swali.

Gari lilikuwa la kampuni niliyokuwa naiendeshea, sitaitaja. Land Cruiser mkonga, limekatwa chesisi na kurefushwa kama mnavyoyaona mengi mjini hapa: viti saba, paa la kunyanyua, friji, tairi mbili za spea. Injini ni 1HZ, dizeli, cc 4,164, silinda sita, haina tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini). Toyota walianza kuitoa mwaka 1990 na sifa zake mnazijua: haina kompyuta, inavumilia mafuta mabaya, inatengenezeka popote penye spana. Ila nguvu zake ni farasi kama 130 tu, nasi tunaidai ivute tani tatu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukifika ukingoni, kwa kulinganisha na gari lilelile likiwa Dar, umeshaacha farasi zaidi ya 25 njiani.

Bosi akafungisha tabo. Ilitolewa kwenye gari lililopata ajali, pampu ikalegezwa skrubu iongeze dizeli, basi. Hakuna intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), hakuna geji ya joto la moshi, klachi ileile, rejeta ileile iliyojaa vumbi la Serengeti. Wiki za kwanza ilikuwa raha, sitadanganya. Mlima wa Manyara pale juu ya Mto wa Mbu nilikuwa naupanda kwa gia ya tatu mahali nilipozoea ya pili. Mwezi wa tatu, nina wageni sita, moshi mweusi ukafunika kioo cha nyuma, halafu ukageuka wa bluu, injini ikaanza kugonga. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikaa katikati muda wote. Mshale ule unapima maji. Pistoni inayeyushwa na moto wa ndani ya silinda, na wakati huo maji yanaweza kuwa salama kabisa.

Lakini kilichonifanya nilete mada ni breki. Wiki moja kabla ya injini kufa, nikiteremka mlima uleule, pedali ilizama hadi karibu na sakafu. Nilikuwa nimeshazoea kasi mpya bila kujijua. Gari likitoka spidi 80 kwenda 100, kazi ya breki inaongezeka kwa zaidi ya nusu (inakwenda kwa kasi mara kasi: 80 mara 80 ni 6,400, 100 mara 100 ni 10,000), na nyuma bado kuna ngoma zilezile. Nilipiga gia ya pili nikashuka naomba dua. Mama mmoja mgeni nyuma yangu alikuwa anapiga picha ya ziwa.

Hoja yangu ni hii: gari lolote linalobeba abiria wa kulipa, likiongezwa nguvu, lisirudi barabarani mpaka breki, rejeta na klachi vikaguliwe, na tabo iandikwe kwenye kadi. Sasa hivi kadi ina namba ya injini na cc. Ukifunga tabo, namba ni ileile na cc ni zilezile 4,164, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Trafiki akikusimamisha anaona gari halali. Mnasemaje?

Fundi wa dizeli, Iringa

Mkuu, pole sana, na Mungu aliwasaidia. Lakini umeihukumu tabo kwa kosa la fundi.

1HZ inakubali tabo kama unaijua. Mgandamizo wake ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwakia kwenye kijichumba kidogo ndani ya silinda hedi kabla moto haujatoka kuja juu ya pistoni. Kijichumba hicho ndicho hupasuka joto likizidi. Tena haikujengwa kwa ajili ya tabo, kama ndugu yake 1HD-T aliyezaliwa na tabo kiwandani. Kwa hiyo mimi naiwekea presha ya tabo psi 7, sizidishi. Geji ya joto la moshi naitoboa kwenye manifoldi ya eksozi, moshi kabla haujafika kwenye tabo, na namwambia mwenye gari: ikikaribia nyuzi 700, nyanyua mguu. Intakula, eksozi pana, oili kila kilomita 5,000. Anayetaka zaidi ya hapo namwambia atafute 1HD-T au 1HD-FT, zote za tabo ya kiwandani, tuache kuitesa hii.

Na tuseme upande wa pili ambao umeuruka. Gari dhaifu nalo linaua. Njoo usimame mlima Kitonga huku Iringa uone gari lililojaa watu linapanda kwa spidi 25, nyuma yake foleni, na wenye haraka wanatanua kwenye kona wasiyoiona mwisho. Gari lenye nguvu za kutosha linaondoka hapo, halimjaribu mtu. Mimi tabo naihesabu ni usalama.

Kuhusu ukaguzi wako: mkaguzi gani ana geji ya presha ya tabo? Ataangalia taa, wipa, honi na mkanda. Utalipa, utapewa karatasi, na pistoni itayeyuka vilevile ikiwa na karatasi.

Mwenye gari, Nanyuki

Hamjambo ndugu zangu. Huku Kenya gari iliyopita miaka minane tangu itengenezwe hairuhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo Land Cruiser ya zamani uliyonayo ndiyo hiyo hiyo, unaitunza ama unaijenga upya. Ukibadilisha injini nzima lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajue, na namba mpya iingie kwenye logibuku. Mimi nilitoa 1HZ nikaweka 1HD-FT. Ni kazi na ni gharama, lakini siku nitakapouza, mnunuzi atajua anachonunua, na bima hawatanigeuka.

Kwa tabo peke yake pengo ni lilelile la huko kwenu, namba ya injini haijabadilika. Naunga mkono hoja ya dereva. Ila ningeomba isiishie kwa abiria wa kulipa. Pikapu ya shamba yenye vibarua kumi nyuma hailipishi nauli, na hao ndio watu wa kwanza kurushwa.

Mwenye VX ya 1994, Dar

Wakuu, hapo mnaponiingiza na mimi ndipo napokataa. Gari ni langu, Land Cruiser series 80, 1HD-T ya kiwandani. Bea za konrodi za injini hizi zinajulikana kwa kuisha mapema, nilizibadilisha kabla hazijagonga, kwa pesa yangu, kwa kusoma na kuuliza. Breki nimebadilisha zote nne. Nani serikalini alinikumbusha? Hakuna. Mtu anayelipenda gari lake analitunza kuliko stika yoyote. Mkianza na tabo, kesho mtataka tairi kubwa ziandikwe, keshokutwa springi. Tutaishia kupaki.

Mwanafunzi wa ufundi magari, Dodoma

Shikamooni. Naomba kuuliza tu: mtu mwenye pesa kidogo aanze na nini? Kila ninayemuuliza ananiambia nunua tabo kwanza, mengine yatafuata.

Mleta mada

Nimesoma wote, asanteni.

Fundi wa Iringa, nakubali kuhusu geji ya presha, na nakubali kwamba kazi yako ingeilinda pistoni hii. Tatizo langu ni kwamba abiria hana namna ya kujua kama amepanda gari lako au gari la yule aliyetufungia sisi. Wewe unasaini wapi? Kama tabo ingeandikwa kwenye kadi pamoja na jina la gereji, fundi mzuri angekuwa wa kwanza kufaidika. Breki nazo hazihitaji chombo cha ajabu. Lijaze gari mzigo wake, litoe mlimani kwa kasi halali, lisimamishe mara kadhaa mfululizo, angalia kama pedali ya mwisho iko sawa na ya kwanza. Hilo hata mimi naweza kulikagua.

Kitonga unasema kweli. Gari dhaifu ni hatari, na sitaki mtu abaki na farasi 130 juu ya tani tatu milele. Lakini mlima una pande mbili, na tabo inakusaidia upande mmoja tu.

Ndugu wa Nanyuki umenifikirisha kuhusu vibarua. Niliandika abiria wa kulipa kwa sababu ndiyo maisha yangu. Nabadilisha: gari lolote linalobeba watu kikazi.

Mzee wa VX, wewe sikugusi kwa leo, kwa sababu umefanya breki zote nne na umeziweka kwenye mazungumzo bila kuulizwa. Ila usiseme haiwezekani. Australia, ambako 1HZ nyingi zimefungwa tabo, wana kanuni ya kitaifa ya marekebisho ya magari mepesi, wanaiita VSB 14, na kufunga tabo kwenye injini isiyokuwa nayo kumo humo. Wenye Land Cruiser kule hawajapaki. Wanavuka jangwa nazo.

Mdogo wangu wa Dodoma, marahaba. Swali lako ndilo ningetaka mtu aniulize miaka ile. Anza na mafuta ya breki. Ya gari letu yalikuwa meusi kama chai ya rangi, na mafuta ya breki yakikaa muda mrefu hunyonya maji. Yakipata moto maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali ilizama. Kuyabadilisha ni kazi ya nusu siku na ni rahisi kuliko kitu kingine chochote nitakachokutajia. Kisha hozi za breki, pedi na diski, na uzifungue ngoma za nyuma uone silinda zake kama hazivuji. Kisha rejeta ioshwe ndani na nje, na feni iangaliwe klachi yake, maana ikishachoka inazunguka kivivu na gari linachemka mlimani tu. Kisha klachi ya gari yenyewe. Ile ya zamani ikipewa nguvu mpya inateleza, utasikia injini inalia na gari haliendi. Kisha geji ya joto la moshi, uifunge wiki kadhaa kabla ya tabo, ili ujue gari lako huwa linasoma ngapi likiwa zima.

Baada ya hapo nunua tabo. Skrubu ya pampu iwe ya mwisho kabisa, na uizungushe kidogo kidogo, kila mara upande mlima ukiwa na mtu pembeni anayesoma geji kwa sauti.