Mzee mkimya kapandisha karata ya mwisho, nina asi na kingi, nafuata au natupa?

kopa_nane:
Wakuu naombeni akili zenu. Meza ndogo ya poka, blaindi (hela za lazima kabla ya karata) ni 1 na 2, mimi na huyo mzee tuna 300 hivi kila mmoja. Nimeshika asi na kingi, nikapandisha mpaka 12, wakafuata wawili, mmoja ni mzee aliyekaa blaindi kubwa, ile ya 2, huyu usiku kucha anafuata tu hapandishi. Mezani zikafunguliwa karata za wote, kingi ya kopa, 8 ya kopa na 5 ya maua. Mzee kapita bila kuweka kitu, nikaweka 25, kafuata, yule mwingine katupa. Ya nne ikaja 2 ya uru, nikaweka 50, kafuata tena chap. Ya tano 9 ya shupaza, mzee kapita, nikaweka 70 nikijua atanilipa na kingi yake ya hovyo, mara kasukuma zote, 213! Hapo natakiwa niongeze 143. Mi nahisi alikuwa anasubiri kopa zitimie tano, zikamkosa sasa ananitishia. Nyie mnamsomaje?

mwendopole:
Tupa mkuu, wala usikae kufikiria. Mtu anayefuata tu usiku mzima hawezi kuamka karata ya mwisho aanze blafu ya kudanganya ana karata kubwa, kopa zikimkosa huyo anapita kimya kimya anasubiri karata mpya. Na kingi-kwini angefuata tu 70 yako, asingepandisha. Jiulize ni karata gani mbovu kuliko yako anayoweza kupandisha nayo, mi sioni.

hesabu_kwanza:
Ngojeni jamani, bei nayo ina maneno yake. Mezani kuna 187, jumlisha 70 yako na 213 yake inakuwa 470, unalipa 143 tu. Yaani ukishinda kama asilimia 23 umerudisha hela yako, usitupe kwa sababu tu umeogopa

mwendopole:
Sawa, sasa zihesabu basi. 8-8 mkononi, zinazompa nane tatu, zinakuja kwa namna 3, 5-5 vilevile namna 3, 6 na 7 za aina moja namna 4, na hiyo 9 ndo imemkamilishia streti, yaani karata tano zinazofuatana. Hapo namna 10 zinakupiga na sijagusa kingi-9 wala kingi-8. Ili bei ikulipe unatakiwa umpate na namna 3 hivi za uongo, na mzee wa hivyo hana hata moja. Angekuwa kijana wa headphone anayepandisha kila mkono ningekuambia fuata.

dada_poti:
Mi nauliza kitu kingine, 9 ilipotua macho yako yalikuwa wapi? Wengi tunakodolea meza, karata haziendi popote zitakusubiri, mtazame mtu. Alifanyaje?

kopa_nane:
Nilimcheki kidogo, aliangalia chipu zake mara moja halafu akageuka pembeni kama hana habari. Na wakati anazisukuma vidole vilikuwa vinamtetemeka, ndo nikasema huyu kaogopa

dada_poti:
Hahaha kaka, huyo hajaogopa. Mtu mkimya mkono ukimtetemeka ghafla mara nyingi ni furaha, kashika kitu kikubwa anajizuia. Ila kama anatetemeka tangu mwanzo wa mchezo isikupe shida, umri tu. Angekuwa anadanganya angejikausha kama mti ili usimsome.

hesabu_kwanza:
Kama alitetemeka mara hiyo tu basi narudi nyuma, tupa. Ila hiyo 70 yako ya mwisho ilikuwa sawa kabisa, kesho mwekee tena, akifuata tu ujue umempiga